Isale Halipandi Ndege

Siku mambo yangu yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2023, saa tatu na robo asubuhi, kwenye mlango wa abiria wanaoondoka pale uwanja wa ndege wa KIA. Saa naikumbuka kwa sababu ilikuwa ukutani, kubwa kama sinia, na mimi niliikodolea macho hiyo ili nisimtazame Magdalena.

Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Alikuwa anakwenda Shelisheli, ile nchi ya visiwa iliyotupwa katikati ya bahari, ambayo watu wake wote hawafikii wa wilaya yetu ya Hai. Hoteli moja ya huko ilitaka mtu wa kushona mashuka na sare, mkataba wa miaka miwili. Makaratasi aliyahangaikia kaka yake, Sirili, mtu wa Kibosho, Mkatoliki wa kusali mpaka magoti yameota sugu. Sirili hakutaka dada yake aolewe na Mlutheri wa Masama, tena mgane, tena mimi.

"Eliufoo, hutaniaga?" Magdalena aliniuliza.

Maneno nilikuwa nayo. Niliyapanga njia nzima. Yalikuwa matatu tu: nitakusubiri, nenda salama. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ukivuka huo mlango, Magda, nakuhesabu umekufa. Nimeshazika mmoja. Wa pili hanishindi."

Begi lilimponyoka Sirili. "We mtu! Unamtamkia kifo mtu anayepanda ndege?"

Magdalena hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, kitambaa ambacho hata fundi hajui aanzie wapi. Kisha akavuka mlango.

Sitajitetea. Ila nitasema nilikotoka, ili mtu anihukumu akijua.

Marehemu mke wangu, Aikaeli, alifia njiani, kwenye gari lililozama matopeni tukimkimbiza hospitali. Barabara hiyo wakubwa walikuja kuipima mara tatu. Walipiga picha, wakala kuku wetu, wakaondoka. Mimi shule niliishia darasa la sita, sijui kupima barabara, lakini najua kupima kaburi. Nililichimba mwenyewe kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, kati ya mgomba na mbuni, na tangu siku hiyo mtu yeyote mwenye tai shingoni nikimwona naona tope.

Mwaka uliofuata nikakonda mpaka suruali ya kanisani ikawa inashuka wakati wa kusimama kwa wimbo. Nikaipeleka Moshi mjini kwa mshonaji mmoja aliyekaa barazani na cherehani yake. Alinipima kiuno, akanipima tena, akakunja suruali yangu akanirudishia.

"Hii siipunguzi," alisema.

"Kwa nini, mama? Hela ninayo."

"Suruali haina kosa. Nenda ukale, urudi baada ya mwezi tuone kama bado ni kubwa."

Huyo ndiye Magdalena. Nilirudi baada ya wiki. Sikuwa nimenenepa, nilikuwa nimenyoa tu.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo ndiye niliyemtamkia kifo. Na kwetu mlimani, neno kama hilo halifutwi kwa simu. Huandiki ujumbe na vikaragosi vya kulia. Unachuma isale, lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani, unalifunga fundo, unampa mtu akupelekee. Anayeletewa isale husamehe. Hata kama umemuulia ng'ombe, husamehe. Ndivyo walivyotuachia wazee, na sijawahi kuona mtu akilikataa.

Miezi mitatu baada ya Magdalena kuondoka, kijana wa jirani yangu, Filbert, mpishi, akapata kazi kisiwa kilekile. Nikachuma isale alfajiri lingali na umande, nikalifunga fundo, nikalizungushia gazeti.

"Mpe mkononi," nilimwambia. "Mwambie Eliufoo amekosa. Usiongeze neno."

Wiki iliyofuata alinipigia. "Nimempa, mzee."

"Amesemaje?"

"Amepokea."

Nikasubiri. Mwezi, miezi sita, mwaka. Magdalena kimya. Nikajua basi, mimi ndiye mtu wa kwanza mlima mzima kukataliwa isale. Nilikuwa nikipita kwenye mipaka ya shamba langu nageuza uso, naona haya mbele ya majani yangu mwenyewe.

Ijumaa, mwaka huu wa 2025, kesho yake ikiwa Jumamosi ya kuamkia Matawi, Filbert akaja nyumbani. Alikuwa amerudi likizo siku mbili kabla. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye ngazi ya mlango kama mtu anayetaka kukimbia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umekaa huko kama kuku mgeni?"

"Mzee, nina jambo. Lile isale sikumpa."

Nilikuwa nachambua kahawa kwenye ungo. Nikaendelea kuchambua, nzuri na mbovu pamoja.

"Kule uwanjani kwao wanafungua mabegi," alisema. "Jani, mbegu, tunda, udongo hata wa kwenye kiatu, vyote haviingii. Wanaogopa magonjwa ya mimea. Yule mama wa ukaguzi alilitoa kwa glavu, mzee, kwa glavu! Akalitia kwenye pipa la manjano. Nikamwambia hilo ni msamaha. Akaniuliza, lina cheti?"

"Cheti!"

"Cheti cha mimea. Nikaogopa watanirudisha kwa ndege ileile. Halafu nikaogopa kukwambia wewe. Na Mama Magdalena naye sikumwambia, maana kwenda mikono mitupu na kusema nilitumwa kuleta isale, angeniona mwongo."

Nilitaka kumpiga kwa ungo. Lakini mtu anayetetemeka kwa woga wa wakubwa namjua, nimeishi ndani yake.

"Kwa hiyo miaka miwili hii yeye anajua sikuomba?"

"Anajua hivyo, mzee. Na kesho anakuja. Saa sita mchana, KIA, kwa ndege ya kupitia Nairobi."

Nilisimama. Kahawa yote ikamwagika chini, na sikuiokota.

*

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafika, nyuma ya pikipiki ya Filbert, na isale jipya limelala ndani ya koti langu. Sirili alikuwepo tayari, amesimama sehemu ya kupokelea watu, shati jeupe, simu mkononi. Aliponiona akatema upande.

"Mlutheri. Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kumpokea."

"Umhesabu tena yuko hai, siyo? Leo hesabu imegeuka?"

Saa sita ikafika, ndege ikaja. Watu wakatoka, watalii wenye viatu vya kupandia mlima, Mhindi mmoja na familia yake, masista wawili. Magdalena hakutoka. Tukasubiri mpaka mtu wa usafi akapita na ufagio.

Sirili akabonyeza simu yake. Kulikuwa na sauti iliyorekodiwa, iliyoingia saa mbili zilizopita, hakuisikia kwa kelele. Akaiweka sikioni, kisha polepole akaishusha, akaiacha iseme mbele yetu sote.

"Kaka, tumeruka, tukageuka. Kuna taa imewaka huko mbele, rubani amesema tunarudi kisiwani. Tunazunguka juu ya bahari karibu na kisiwa mpaka mafuta yapungue, mtandao unakuja na kupotea. Watu wanasali. Kaka, kama..."

Ikakatika hapo.

Nilishika nguzo. Nilichosikia mimi si sauti ya Magdalena, nilisikia yangu mwenyewe: nakuhesabu umekufa. Miaka miwili lile neno lilikuwa linamtafuta, nikaona sasa limempata katikati ya maji, hakuna hata mgomba wa kushika.

Sirili alikimbilia dirisha la shirika la ndege, mimi nyuma yake. Ndani alikuwepo binti amejipamba, na kitambulisho kifuani.

"Ndege ya Shelisheli imefikia wapi?" Sirili aliuliza.

"Imepata changamoto za kiufundi."

"Imetua au haijatua?"

"Tunasubiri taarifa kutoka juu."

"Juu wapi?" nilimrukia. "Binti, juu kwa nani? Maana na sisi tuna wetu huko juu, na tunataka ashuke!"

"Mzee, naomba utulie. Mimi sijaruhusiwa kusema."

"Hakuna anayeruhusiwa! Mke wangu alikufa kwenye tope, kila niliyemuuliza alisema hajaruhusiwa kusema. Nani anaruhusiwa kusema nchi hii?"

Yule binti macho yakamlowa. Filbert akanivuta koti. "Mzee, naye ameajiriwa tu." Ilikuwa kweli, na ndicho kinachoniudhi siku zote. Wenye makosa huwaoni dirishani.

Tukakaa kwenye ukuta mfupi wa nje, mimi mwisho huku, Sirili mwisho kule. Mvua ya Aprili ikanyesha, ikaacha. Saa saba. Saa nane. Filbert alileta ndizi za kuchoma, akamega akampa kila mtu, na ni kwa sababu alikaa katikati ndiyo tukala.

"Mzee Sirili," Filbert akasema akiangalia ndizi yake, "kabla habari haijaja, iwe nzuri iwe mbaya, kuna kitu nataka ukisikie."

Akamweleza yote. Glavu, pipa la manjano, cheti. Sirili alisikiliza akitafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Huyu alituma isale?"

"Alituma. Mwezi wa sita, mwaka uleule."

"Miaka miwili dada yangu ananiambia, kaka, hata jani hakuniletea. Mimi nikawa namjibu, ulitegemea nini kwa watu wa Masama." Alinigeukia kwa mara ya kwanza. "Kwa nini hukuja kwangu nimpelekee mimi?"

"Wewe? Ungelipokea?"

Alifikiri. "Ningekufungulia mbwa kwanza," alisema. "Halafu ningelipokea. Isale ni isale."

Hapo ndipo mlinzi mmoja, kijana mrefu, lafudhi ya kanda ya ziwa, alipotufikia. Nilikuwa nimelitoa jani nalimwagia maji ya chupa, maana lilianza kulegea.

"Mzee, hayo ya Matawi ni kesho. Hapa majani hayaruhusiwi, yanachafua. Lete nitupe."

Akanyoosha mkono. Pipa lilikuwa hatua mbili tu. Nikalibana jani kifuani kwa mikono yote miwili. Nikasema moyoni, na hili pia, Bwana? Na hili pia?

Aliyesimama ni Sirili.

"Afande, hilo haliwekwi kwenye pipa."

"Ni jani tu, mzee."

"Wewe mama yako akikupigia magoti akuombe radhi, utamtupa kwenye pipa?"

Mlinzi akashangaa. "Hapana, mzee."

"Basi hilo ndilo hilo. Kama ni uchafu, nitafagia uwanja mzima mimi mwenyewe. Nipe ufagio."

Mlinzi akacheka, akaona sisi hatucheki, akaondoka zake.

Sirili alibaki amesimama mbele yangu na shati lake jeupe lililolowana. "Lete," alisema.

"Nini?"

"Isale. Umeona wapi mkosaji akajibebea isale mwenyewe? Mjumbe wako wa kwanza alishindwa na glavu. Mimi nitampa."

Nikampa. Akalitia ndani ya shati, kifuani.

"Na kama hayupo wa kumpa?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nyamaza. Ulishasema vya kutosha mwaka ule."

*

Saa kumi kasoro yule binti wa dirishani alitoka mbio, viatu mkononi, akitutafuta nje. Hakusubiri taarifa kutoka juu.

"Wazee! Ilitua salama! Iligeukia kisiwani, ikatua, wakabadilishiwa ndege nyingine. Wamefika Nairobi mchana. Huyo wenu yuko kwenye hii inayotua sasa hivi. Nimeona jina lake. Msiseme nimewaambia mimi."

Sirili alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilikaa chini, pale pale kwenye maji ya mvua, nikavuta pumzi ambayo nafikiri nilikuwa sijaivuta tangu Machi ya mwaka ule. Filbert alikuwa analia waziwazi na kipande cha ndizi mkononi.

"Aika, binti," nilimwambia. "Asante. Na nisamehe kwa kelele zangu."

"Baba yangu naye yuko hivyohivyo," akasema, akavaa viatu, akarudi kazini.

Magdalena alitoka wa mwisho. Alikuwa amepungua. Nywele zimeingia mvi mbili tatu mbele, na gauni lilikuwa lilelile la kijani, limepwaya kiunoni. Alimkumbatia kaka yake muda mrefu. Kisha akaniona nyuma ya nguzo, na mwili wake wote ukasimama.

"Huyu amefuata nini?"

"Dada," Sirili alisema, na sauti yake ikawa ya kanisani. "Mimi huyu mtu simpendi, unajua. Lakini amenituma, na nimekubali kutumwa." Akatoa isale ndani ya shati, akalishika kwa mikono miwili. "Anasema amekosa."

Magdalena alilitazama lile jani. Hakulipokea mara moja. Nilihesabu watu waliopita kati yetu, walikuwa saba.

"Miaka miwili, Baba Elifuraha," aliniambia. Aliniita kwa jina la binti yangu, kama anavyoitwa mtu usiyemzoea. "Ulikuwa unalisubiri liote?"

"Nilituma, Magda. Mwaka uleule. Lilitupwa uwanjani kwenu."

Filbert akajitokeza na kichwa chini. "Mama, ni mimi. Walilitia kwenye pipa. Niliogopa kukwambia. Na yeye nilimdanganya kwamba umelipokea."

Magdalena alimtazama Filbert, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya mwanzoni, cha mtu aliyechoka. Kikageuka.

"Walilitupa!" alisema. "Mae! Eliufoo, unajua nchi ile ilivyo? Imejaa masale! Wameyapanda kwenye vyungu mlangoni mwa hoteli, ni mapambo! Chumba changu cha kushonea kina dirisha, na nje ya dirisha masale mstari mzima. Kila asubuhi nakaa kwenye cherehani nayatazama. Nasema, yote haya, na hakuna hata moja lililotoka kwake. Siku moja nilichuma moja nikalifunga fundo mwenyewe, nikajipa. Halikufanya kazi."

"Magda."

"Halafu leo, kule juu, tulipokuwa tunazunguka, mama mmoja ameshika mkono wangu anasali kwa lugha yao. Mimi nikawa nasema kimoyomoyo, limenifikia. Lile neno lake limenifikia. Nikakasirika, Eliufoo. Sikuogopa kufa, nilikasirika kwamba utapata kuwa sahihi."

Nilimsogelea. Sikuwa na koti zuri, suruali imelowa tope nyuma.

"Mimi sijawahi kuwa sahihi," nilisema. "Kwenye mambo ya wakubwa labda. Kwako hapana. Nilikuwa na maneno mengine siku ile, mazuri. Niliogopa tu kubaki. Nikaona bora niseme nimekuzika kuliko nikusubiri usirudi."

"Maneno gani?"

"Nitakusubiri. Nenda salama."

Macho yake yakajaa. Akanyoosha mkono, akalichukua isale kutoka kwa kaka yake, akalipeleka puani kama vile mtu anavyonusa nguo ya mtoto.

"Limelegea," alisema.

"Lina maji ya chupa nzima hilo," Filbert akasema, na hapo hata Sirili akacheka.

Magdalena akanitazama kiunoni, kikazi, jicho la mshonaji. "Na wewe bado huli," alisema. Kwangu mimi hilo lilikuwa padri na mchungaji wamesimama pamoja.

Filbert alitangulia na pikipiki yake. Sisi watatu tukaingia kwenye pikapu ya Sirili, Magdalena katikati, isale mapajani. Tulipofika njiapanda ya Boma, badala ya kunyoosha kwenda Moshi, Sirili akawasha taa ya kukata kushoto, kupanda Masama.

"Tunampeleka kwake kwanza," alisema bila kutazama mtu. "Shemeji amelowa."

Shemeji. Nilitazama nje ya dirisha ili wasinione uso. Barabara ya Masama ilianza kuturusha, matope yaleyale, na kwa mara ya kwanza sikumtukana aliyeipima.

Tulipita kona ya kanisa. Magdalena akalilaza isale kwenye kiganja chake.

"Nimekusamehe," alisema. "Hilo limeisha, usiliulize tena. Lakini kuna jambo lazima mlijue. Nina tiketi ya kurudi, Jumatatu ya Pasaka. Wamenipa mkataba mwingine, uko kwenye begi, sijausaini na sijaukataa."

Sirili akazima redio. Mvua ilikuwa imeanza tena; wipa zilikwenda, zikarudi.

"Siku ile ulisema la kwanza lililokujia mdomoni," aliendelea, na bega lake likaegemea langu, zito, la joto, la mtu aliye hai. "Sasa una siku tisa za kufikiri, Eliufoo. Jumatatu ya Pasaka nikisimama tena pale mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, safari hii utaniambia nini?"